Saini Kwanza, Jembe Baadaye: Namna ya Kupata Malipo ya Kuhifadhi Ardhi Katika Kaunti Yako Marekani

Serikali ya Marekani humlipa mkulima anayezuia udongo usichukuliwe na maji, anayefunika shamba kwa mimea wakati wa baridi, au anayeliacha shamba la mteremko lipumzike chini ya nyasi kwa miaka kumi. Fedha hizi si mkopo, wala si za wenye maelfu ya ekari peke yao. Aliyekodi nusu ekari ya mboga naye anaweza kuomba. Ila kuna kanuni moja inayowaponza watu kuliko nyingine zote: kazi ikianza kabla mkataba haujasainiwa na pande zote mbili, hakuna malipo. Ukisimika nguzo ya kwanza ya kitalu nyumba (high tunnel, nyumba ya plastiki ya kulimia) Jumatatu, na ofisi ikasaini mkataba Jumatano, kitalu hicho umejijengea kwa pesa yako mwenyewe. Ruhusa ya kuanza mapema ipo, lakini huombwa kwa maandishi na kutolewa kwa maandishi kabla ya kazi, na hata ukiipata haikuhakikishii kwamba mkataba utakuja.

Maelezo haya ni ya Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya, Watanzania na wengine wanaozungumza Kiswahili ambao wameshika jembe tena Iowa, Maine, Kansas na kwingineko. Majina ya fomu tumeyaacha kama yalivyo kwa sababu ndivyo utakavyoyaona kaunta.

Ofisi moja, meza mbili

Kaunti nyingi za mashambani zina kituo cha huduma cha USDA, yaani Wizara ya Kilimo. Kaunti isiyo nacho huhudumiwa na jirani yake. Ndani yake mna meza mbili ambazo wageni huzichanganya. Ya kwanza ni FSA, inayotunza kumbukumbu za mashamba, mikopo na mpango wa CRP, ule wa kupumzisha ardhi. Ya pili ni NRCS, wataalamu wa udongo na maji. Hao wana EQIP, inayolipia kazi moja moja kama kitalu nyumba, umwagiliaji wa matone au uzio, na CSP, inayomlipa kila mwaka kwa miaka mitano mkulima ambaye tayari anatunza ardhi yake vizuri na anakubali kuongeza jambo jipya. NRCS ilizaliwa mwaka 1935, wakati vumbi la mashamba yaliyochoka lilikuwa likiziba jua katika majimbo ya kati, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Hugh Hammond Bennett. Hadi leo wanaokuja shambani kwako wanabeba koleo la kuchimbia udongo, si makaratasi tu.

Utaanzia meza ya FSA hata kama unachotaka kiko NRCS. Piga simu uombe miadi. Ukienda bila miadi msimu wa kuripoti ekari, hasa kuelekea Julai 15, utakaa sana. Ukihitaji mkalimani, sema hivyo kwenye simu hiyo hiyo ya kwanza. Usimtumie mtoto wa shule kutafsiri mkataba. Ataelewa maneno, lakini hatajua lipi kati yake linakufunga kwa miaka kumi.

Namba ya shamba

FSA ikishakuandikisha inakupa namba ya shamba na namba ya kiwanja, na karatasi ya picha iliyopigwa toka angani ikiwa na mistari inayozunguka kila kipande unacholima. Bila namba hiyo NRCS haiwezi kukuingiza kwenye mfumo. Nenda na kitambulisho, namba ya soshali au namba ya EIN (namba ya kodi ya kikundi) kama mnaomba kama kikundi, hati miliki au mkataba wa kukodi uliosainiwa, na namba za akaunti ya benki, kwa sababu malipo huingia benki moja kwa moja.

Ile picha ya angani usiipokee na kuikunja. Iweke mezani, weka kidole kwenye barabara au kijito unachokijua, ufuate mstari wa shamba lako hadi urudi ulipoanzia. Mara nyingi mstari unakata mahali pa uzio wa zamani, au unaingiza miti ambayo hukuikodi. Ekari zilizoandikwa ndani ya mstari ndizo zitakazolipiwa baadaye. Ukiona 7.4 wakati mkataba wa kukodi unasema 8, uliza hapo hapo, kwa kuwa kusahihisha ramani kabla ya mkataba ni kazi ya dakika chache na kuisahihisha baadaye ni kubadilisha mkataba mzima.

Mkataba wa kukodi wa maneno ndio unaowakwamisha wengi. NRCS inataka uthibitisho kwamba ardhi itakuwa mikononi mwako muda wote wa mkataba wao, na kwa kitu kinachojengwa, kama kitalu au kisima, wanataka mwenye ardhi aandike kuwa ameridhia. Mwenye ardhi anayekukodisha mwaka hadi mwaka hana budi akuandikie muda mrefu zaidi. Wanaolima viplot ndani ya shamba la shirika wajue kwamba mwenye mamlaka juu ya ardhi ni shirika, kwa hiyo ombi huenda likabidi litoke kwake. Mkiomba kama ushirika, kila mwanachama atajaza fomu zake za sifa, na mmoja akichelewa wote mnangoja.

Majina yanayogombana

Kuna fomu tatu ambazo kila mwombaji hukutana nazo. CCC-902 inaeleza nani analima na nani anatoa nini: ardhi, mtaji, nguvu. CCC-941 inaruhusu ofisi ya kodi kuthibitisha kwamba wastani wa kipato chako hauzidi dola 900,000 kwa mwaka, ukikokotolewa kwa miaka mitatu. AD-1026 ni kiapo kuhusu ardhi inayomomonyoka na ardhi ya majimaji, tutaifikia.

CCC-941 inaonekana rahisi kwa sababu karibu hakuna mkulima mdogo anayekaribia kipato hicho. Lakini ndiyo inayorudi mara nyingi, na sababu ni jina. Mtu aliyeandikishwa kambini kwa jina la ukoo mbele, akapata kadi ya soshali majina yamebadilishana, kisha mtayarishaji wa kodi akaacha jina la tatu, ana majina matatu mbele ya kompyuta. Ofisi ya kodi hulinganisha herufi kwa herufi. Kwa hiyo andika kwenye CCC-941 jina lile lile lililoko kwenye ripoti yako ya kodi ya mwisho, na anwani ile ile. Kama ripoti ya kodi nayo haifanani na kadi ya soshali, anza kurekebisha huko kwanza, kabla msimu wa maombi haujafika. Barua ya kukataliwa kwa sababu hii haisemi "jina lako limekosewa". Inasema tu sifa haijathibitishwa, na mtu hukaa miezi akidhani ombi linaendelea.

Mwenye grini kadi halali hahesabiwi mgeni katika kanuni za malipo za FSA, basi ibebe. Na kama wewe ni dereva wa lori unayekaa barabarani wiki tatu huku mwenzio ndiye aliye shambani, jazeni FSA-211, fomu ya kumpa mwingine madaraka ya kusaini kwa niaba yako. Kuoana peke yake hakutoi ruhusa hiyo katika kila jambo.

Kona yenye maji

Aliyezoea kulima bondeni Burundi au Kivu akiona kona ya shamba inayobaki mbichi hadi Julai anaona neema: hapo ndipo mboga za kiangazi. Marekani kona hiyo yaweza kukunyima kila kitu. Sheria ya mwaka 1985 inasema ardhi ya majimaji iliyogeuzwa shamba baada ya Desemba 23, 1985 ikapandwa mazao inamwondolea mkulima haki ya malipo, na si ya kona hiyo tu bali ya mashamba yake yote. Kugeuza maana yake ni kuchimba mfereji, kufukia, kuzika mabomba ya kutolea maji, au kung'oa miti ili palimike.

AD-1026 inakuuliza kama umefanya au unapanga kufanya mambo hayo. Jibu kweli. Ukijibu kwamba unapanga, NRCS itakuja kupima na kukupa barua inayoonyesha wapi ni majimaji na wapi si. Ngoja barua hiyo kabla ya kushika koleo. Vivyo hivyo kwa kuvunja ardhi ya mteremko ambayo haijawahi kulimwa: inawezekana, ila kwa mpango wa kuzuia mmomonyoko ulioidhinishwa.

Kuomba EQIP

Ombi lenyewe ni fomu NRCS-CPA-1200. Hupokelewa mwaka mzima, lakini kila jimbo huweka tarehe ya kukata, na waliofika kabla ya tarehe hiyo hushindanishwa pamoja. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Oktoba 1, basi mwenye nia ya kujenga majira ya kiangazi yajayo aingize ombi kabla ya baridi.

Kabla ya kushindanishwa, mtaalamu atakuja shambani. Hapa watu hujipotezea alama kwa adabu isiyotakiwa: wanamwonyesha vitanda vilivyopaliliwa vizuri na kumficha palipoharibika. Ombi halipewi alama kwa uzuri wa shamba. Linapewa kwa tatizo lililopo na namna kazi unayoomba itakavyolitatua. Mpeleke kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, mahali maji yanaposimama, kitanda ambacho udongo umekuwa mgumu kama sakafu, bomba linalovuja. Mwambie unamwagilia kwa maji ya nini, kiasi gani, na yanakugharimu nini. Anayaandika hayo kama matatizo ya udongo, maji, mimea au mifugo, na kompyuta inayaweka kwenye mizani ya jimbo.

Kwenye CPA-1200 kuna sehemu ya kuweka alama kama wewe ni mkulima mpya, yaani hujafikisha zaidi ya miaka 10 mfululizo ukiendesha shamba, au mwenye kipato kidogo, au askari mstaafu. Julai 2025 wizara ilitangaza kuacha kutumia rangi na jinsia kama kigezo, lakini makundi hayo matatu yamebaki. Usiipite sehemu hii. Mkulima wa kawaida hulipwa hadi asilimia 75 ya gharama iliyokadiriwa, ila aliye katika makundi hayo huweza kufikia asilimia 90, na anaweza kuomba angalau nusu ya pesa mapema ili anunulie vifaa. Pesa ya mapema ina saa inayokimbia: itumike ndani ya siku 90, la sivyo inarudishwa. Maana yake ni kwamba usiiombe Januari kwa kitalu ambacho ardhi iliyoganda haitakuruhusu kukisimika hadi Aprili.

Ukikosa mwaka huu, ombi halifi lenyewe, ila lazima uiambie ofisi kwamba bado unataka liendelee mwaka ujao. Waulize pia lilikosa alama wapi. Wakati mwingine jibu ni kwamba ukiongeza kazi ndogo, kama kutandaza matandazo au mpango wa mbolea, linapanda.

Jinsi ya kuusoma mkataba

Ukishinda utasaini CPA-1202, ambayo ni masharti, na CPA-1155, ambayo ni ratiba. Hiyo ya pili ndiyo ya kubandika ukutani. Kila mstari una namba ya kazi, kiasi, kipimo, malipo kwa kipimo na mwaka. Mstari unaosema 340, ekari 8, mwaka 2026, maana yake ni kwamba mwaka 2026 utapanda mimea ya kufunika udongo kwenye ekari 8. Namba 340 ni mimea hiyo, 325 ni kitalu nyumba, 441 ni umwagiliaji wa matone, 382 uzio, 484 matandazo, 642 kisima.

Mambo mawili kuhusu fedha zilizoko pale. Kwanza, malipo ni kiwango kilichopangwa kwa kila jimbo kwa mwaka huo, hayafuati risiti zako. Ukinunua kwa bei nafuu, tofauti ni yako. Ukinunua kwa bei ghali, hasara pia ni yako. Risiti utazitunza vilevile, kwa ukaguzi na kwa kodi. Pili, unalipwa kwa kilichopimwa baada ya kazi. Kitalu cha futi 30 kwa 72 kina futi za mraba 2,160. Ukibadili mawazo ukajenga futi 30 kwa 48, ni 1,440, na malipo yameshuka kwa theluthi moja. Ukijenga kikubwa kuliko mkataba, nyongeza haikulipi kitu.

Angalau kazi moja ianze ndani ya miezi 12 tangu mkataba kusainiwa. Ukiona hutawahi, iwe kwa ugonjwa, mafuriko au mbegu kukosekana, andika barua kabla tarehe haijapita. Marekebisho yanayoombwa mapema hukubaliwa mara nyingi. Yanayoombwa baada ya tarehe kupita huitwa kuvunja mkataba.

Mimea ya kufunika udongo: kibandiko cha gunia

Hii ndiyo kazi nafuu kuliko zote, na ndiyo ambayo malipo yake huzuiwa kwa vitu vidogo. Chukua mfano wa rai, nafaka ya baridi inayopandwa baada ya mavuno ya vuli. Tuseme mpango umeandika pauni 50 kwa ekari, na pembeni kuna herufi PLS. Herufi hizo zinamaanisha mbegu safi zilizo hai, si uzito wa gunia. Geuza gunia utafute kibandiko. Kikisema usafi asilimia 98 na uotaji asilimia 85, zidisha: 0.98 kwa 0.85 ni 0.833. Gawa 50 kwa 0.833, unapata 60. Basi kila ekari inataka pauni 60 za gunia hilo, na ekari 8 zinataka 480. Aliyenunua 400 kwa kufuata namba ya mpango peke yake amepungukiwa, na mtaalamu akisoma kibandiko ataliona.

Vibandiko vyote viweke kwenye bahasha moja na risiti. Mbegu ya kununua ghalani kwa jirani bila kibandiko huwa na magugu, na hakuna anayeweza kuthibitisha uotaji wake.

Mpango una tarehe ya mwisho ya kupanda, na imewekwa kwa sababu ya baridi: rai iliyochelewa huota lakini haifuniki ardhi kabla ya theluji, na udongo unaondoka na maji ya kuyeyuka kama vile hukupanda kitu. Kama ulipiga dawa ya magugu kwenye mahindi, soma lebo yake uone muda wa kungoja kabla ya kupanda mmea mwingine. Dawa nyingine hukaa ardhini miezi, na shamba lililobaki tupu kwa sababu hiyo halilipwi.

Majira ya kuchipua, rai inayotangulia mahindi iue siku 10 hadi 14 kabla ya kupanda. Ukiiua na kupanda siku hiyo hiyo, mizizi inayooza inashika naitrojeni ambayo mche wa mahindi unaihitaji, na vijidudu vilivyokuwa kwenye mizizi vinahamia kwenye mche. Usiivune kwa mbegu na usiyachome mabaki, vyote viwili vimekatazwa na viwango vya kazi namba 340. Kulisha mifugo huweza kuruhusiwa ikiwa kumeandikwa kwenye mpango. Na kama umekuwa ukipanda mimea hii miaka yote kwa pesa yako, EQIP huenda isikulipie, maana inalipia jambo jipya. Hapo ndipo CSP inapokufaa. CSP nayo, tangu mwaka wa fedha 2024, kima cha chini cha malipo yake kilipandishwa hadi dola 4,000 kwa mwaka.

Kitalu nyumba

Kitalu kinacholipwa na EQIP lazima kitoke kiwandani kama seti kamili, si mabomba uliyokunja mwenyewe. Kiwe na urefu wa angalau futi 6 kwenda juu, na plastiki yake iwe ya vitalu, unene wa mili 6 au zaidi (mili ni sehemu ya elfu ya inchi, si milimita). Ile ya mafundi ujenzi inafanana kwa macho lakini jua huivunja msimu mmoja. Mimea ipandwe ardhini. Vitanda vya kuinua vinaruhusiwa hadi kina cha inchi 12. Meza na makopo havikubaliwi. Trekta, kuni na kuku visikae humo: akija mkaguzi mwaka wa tatu akute nyanya, si ghala.

Mahali pa kukijenga pachague kwa maji kuliko kwa jua. Paa la futi za mraba 2,160 linamwaga galoni zaidi ya 1,300 kwa kila inchi moja ya mvua, na maji hayo yote yanatua kwenye mistari miwili kandoni. Shamba lisilo na njia ya kuyatoa hupata bwawa, vitanda vya pembeni hulowa, na baridi ikija ardhi iliyojaa maji huganda na kusukuma nguzo. Mwambie mtaalamu aingize kwenye mpango kazi ya kuongoza maji ya paa pamoja na kitalu chenyewe. Ukiiomba baadaye itakuwa ombi jipya. Kaskazini ya latitudo 40 watu hukilaza mashariki kwa magharibi ili kipate mwanga wa kutosha wakati wa baridi, lakini upepo mkali wa eneo lako unaweza kukushauri vingine.

Kabla ya kufunika plastiki, piga picha za nguzo zikiwa wazi, na futi ya kupimia ikionekana. Ukimaliza, ita ofisi waje kupima, kisha usaini CPA-1245, fomu ya kudai malipo. Hii hailetwi nyumbani kwa posta kama zawadi. Usipoidai, pesa inakaa. Kitalu kilicholipwa lazima kitunzwe kwa miaka iliyoandikwa kwenye mkataba. Theluji ikikiangusha, piga simu kabla hujabomoa mabaki.

Neno moja kuhusu madeni. Mapema mwaka 2025 malipo ya mikataba iliyogharamiwa na sheria ya 2022 (Inflation Reduction Act) yalisimamishwa kwa wiki kadhaa, wakati wakulima walikuwa wameshajenga na wauzaji wanadai. Mkataba uliosainiwa ni ahadi ya serikali, lakini muuza mabomba hasubiri serikali. Usiweke kitalu kwenye kadi ya mkopo yenye riba kubwa kwa kutegemea kwamba pesa itaingia mwezi unaofuata.

CRP: kulipwa ili usilime

CRP inamfaa zaidi mwenye ardhi kuliko mpangaji, hivyo tutaipitia kwa kifupi. Unaondoa shamba kwenye mazao kwa miaka 10 hadi 15, unapanda nyasi, maua ya nyuki au miti, na FSA inakulipa kodi ya mwaka (yaani pango la ardhi, si kodi ya serikali) baada ya Oktoba 1, kwa kikomo cha dola 50,000 kwa mtu kwa mwaka. Ukipitia shindano la jumla, kodi ni hadi asilimia 85 ya wastani wa kodi ya udongo katika kaunti. Ukipitia mlango usio na shindano, ambao ni wa vipande vyenye kazi maalumu kama ukanda wa nyasi kando ya kijito, ni hadi asilimia 90. Gharama ya kupanda husaidiwa hadi nusu. Kwa kawaida uwe umeimiliki au kuiendesha ardhi hiyo kwa miezi 12 kabla. Mpango huu umekuwa ukiongezewa muda kipande kwa kipande tangu sheria ya kilimo ya 2018 ilipofikia ukomo, kwa hiyo uliza kwanza kama maombi yako wazi.

Makosa ya CRP hutokea miaka ya katikati, watu wanapoisahau. Ukanda wa nyasi kando ya kijito unaonekana kama barabara nzuri ya kugeuzia trekta, nao ndio mwanzo wa balaa: magurudumu yanagandamiza udongo, nyasi zinakufa kwa mistari miwili, maji ya shamba yanapita hapo hapo kuingia kijitoni, na mkaguzi anaviona vijia hivyo kwenye picha ya angani bila kutoka ofisini. Kosa la pili ni kufyeka wakati ndege wanatamia. Kila jimbo lina tarehe zake. Iowa ni Mei 15 hadi Agosti 1. Magugu yakizidi katika kipindi hicho, omba ruhusa ya kutibu sehemu tu. Ukiuvunja mkataba unarudisha malipo yote uliyopokea tangu mwanzo pamoja na riba, na juu yake faini ya asilimia 25 ya kodi ya mwaka mmoja. Anayeuza shamba katikati ya mkataba amwonyeshe mnunuzi mkataba huo kabla ya kuuza.

Kodi na rufaa

Mwanzoni mwa mwaka utapokea fomu 1099-G yenye jumla ya uliyolipwa. Fedha hizi hutozwa kodi. Sehemu ya malipo ya EQIP ya vitu vya kudumu huweza kuachwa nje ya kipato kwa kifungu cha 126 cha sheria ya kodi, na watayarishaji wengi wa kodi za mishahara hawajawahi kukisikia. Kitaje wewe mwenyewe, na uwapelekee CPA-1155. Waambie pia kama unapata misaada inayopimwa kwa kipato, kama stempu za chakula, kwa sababu malipo makubwa ya mara moja yanaweza kuitikisa.

Kila unapotoka kaunta omba risiti ya huduma. Ni karatasi inayoonyesha tarehe uliyofika, ulichoomba na ulichojibiwa, na ofisi inapaswa kukupa. Kwenye ugomvi wa "hukuja" na "nilikuja" ndiyo shahidi wako pekee.

Ukinyimwa, barua itataja njia zako: kuomba uamuzi uangaliwe upya, upatanishi, au rufaa kwa NAD, kitengo cha rufaa kilicho nje ya FSA na NRCS. Kamati ya kaunti inayoamua mambo mengi ya FSA ni wakulima wenzako waliochaguliwa kwa kura, na unaweza kuomba kusimama mbele yao ukiwa na ramani, risiti na picha zako. Rufaa ya NAD ina siku 30 tangu ulipopokea uamuzi. Siku hizo zinahesabiwa kuanzia kupokea barua, si kuanzia kuielewa, kwa hiyo bahasha yoyote ya USDA ifunguliwe siku iliyofika, iandikwe tarehe kwa kalamu juu yake, na itafutiwe msomaji wiki hiyo hiyo.